Ufagio wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Niseme mapema, ili msomaji asije akanishika ugoni baadaye: mimi najisifu. Nilianza kazi nikikunja mashuka katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya Diani, nikachora nyuma ya karatasi za kuandikia mataulo mpaka msimamizi akanitishia kunifukuza. Kisha nikaenda Ubelgiji, nikalea watoto wa watu mchana na kusoma jioni, na baada ya miaka saba nikarudi Msambweni na diploma ya uchoraji wa hadithi za picha, ina muhuri mwekundu na sahihi tatu. Karo nililipa mwenyewe. Mtu kama huyo asipojisifu, atajisifu nani?

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya tisini na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili, lililokuwa zito zaidi, lilikuwa na kitabu changu.

Kilikuwa kitabu cha maisha yangu mwenyewe, kilichosimuliwa kwa picha. Kurasa arobaini na mbili za wino mweusi, kila ukurasa umegawanywa visanduku kama nyumba inavyogawanywa vyumba, na maneno machache sana. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alikuwa ameona kurasa kadhaa nilizomtumia kwa posta, akapenda, akaniambia nimpelekee kazi nzima kabla ya mwezi kwisha. Lakini nilikuwa nimejiwekea sharti: hakiendi Nairobi kabla mama hajakiona na kunipa radhi yake. Uso wake ulikuwamo karibu kila ukurasa. Huwezi kuchukua uso wa mtu ukautembeza Nairobi bila kumwomba mwenyewe, seuze uso wa aliyekuzaa.

Na kulikuwa na ukurasa wa kumi na saba.

Ukurasa ule ndio ulionipa diploma, nalisema wazi. Mwalimu wangu, mwanamume mrefu ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aliubandika ukutani na kusimama mbele yake. Ulikuwa na visanduku vitatu tu, havina neno hata moja. Cha kwanza kilinionyesha mimi, msichana wa miaka ishirini, natembea barabarani na begi begani. Cha pili kilimwonyesha mama ameinama, ameshika ufagio wa chelewa. Cha tatu hakikuwa na mtu. Kilikuwa mchanga mtupu uliofagiliwa, mistari ya chelewa imepita juu yake kama kitana kwenye nywele, na pembeni nusu ya unyayo ambayo ufagio haujaifikia. Mwalimu alisema huzuni ile inapumua. Wenzangu wa darasani waliandika kwenye daftari zao.

Sikuwaambia kitu. Wao waliona mama anayefanya kazi zake huku moyo unamuuma. Mtu wa kwetu angeona jambo jingine kabisa, maana kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi. Ufagio hutundikwa mpaka isikike habari kwamba amefika. Ukifagia nyuma yake unafuta nyayo zake, na asiye na nyayo atarudi kwa njia gani? Anayefagiliwa nyuma yake ni yule ambaye watu wa nyumbani wamemchoka.

Mama hakutaka niende. Tulibishana wiki nzima, nami siku ya kuondoka niliambiwa nisigeuke nyuma. Niligeuka. Nilipofika kwenye kona ya ua wa makuti niligeuka, nikamwona kando ya pipa la maji, ameinama, ufagio mkononi. Nilibeba picha ile mpaka Ulaya. Nilikaa miezi mitano bila kuandika barua, nikijiambia kwamba aliyenifagia ana haja gani na barua zangu. Baadaye niliandika, tukaandikiana kwa miaka, mama akisomewa na kuandikiwa na jirani, salamu na dua na habari za mvua, lakini juu ya ufagio hatukusema neno. Badala ya kusema, nilichora. Nami nilitaka auone ukurasa ule, nitakuwa mwongo nikikana. Nilitaka auone, kisha aniambie kwa nini.

Siku ya kusoma ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri. Mama alitandika mkeka barazani, akaweka buli la kahawa na sahani ya mahamri. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuja kutoka nyumba ya pili bila kualikwa, kama kawaida yake, na nyuma yake akaja mpangaji wake, mpishi wa hoteli kutoka bara, kijana mwenye adabu aliyekuwa na siku ya mapumziko na pua ya kunusa mahamri.

"Shikamoo shangazi," nilisema.

"Marahaba, Mzungu wetu. Nimesikia umetuandika kitabu. Mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Nilijifanya sikusikia. Shangazi hakuwamo kabisa.

Mama alinawa mikono, akaikausha kwa leso yake, akakipokea kitabu kwa mikono miwili kama anavyopokea msahafu. Kisha akakifungua kutoka kulia.

Hapo palihitaji diploma, nami diploma ninayo, lakini jambo lile hawakutufundisha. Mama hajui herufi za shule. Alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na macho yake yamezoea kutoka kulia kwenda kushoto tangu akiwa na miaka sita. Kwa hiyo ukurasa wangu wa mwisho, ule ninaopokea diploma kwa kofia na joho, kwake ulikuwa wa kwanza. Nilifungua mdomo nimrekebishe, nikaufunga. Nilitaka kuona itakuwaje.

"Mashallah," alisema. "Umeanza na ukubwa wako. Vizuri. Mtu ajulikane kwanza ni nani."

Alifunua polepole. Kila alipofunua nilipungua. Kofia ilitoka kichwani, nikawa mwanafunzi, nikawa yaya anayesukuma kigari cha mtoto kwenye theluji. Nilikuwa nimeichora Ubelgiji kwa visanduku vyembamba, virefu, na wino mwingi mweusi juu, ili msomaji ahisi dari imemkaribia. Nilijivunia sana hila ile. Mama aligusa kisanduku kimoja kwa ncha ya kidole.

"Hapa ulikuwa unalala ndani ya kabati?"

"La, mama. Ni chumba. Nimekichora chembamba kwa sababu nilihisi kimenibana."

"Basi ungejichora wewe mnene. Chumba kinambana mnene."

Mpangaji alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba ni kweli, na kwamba hakuna mtu darasani aliyeniambia.

"Na mimi bado sijatokea," alisema shangazi, akinyoosha shingo.

"Subiri, wifi. Kitabu kirefu."

Kurasa za nyumbani zilikuwa na visanduku vipana, hewa nyingi, mistari myepesi. Mama alistarehe alipozifikia. Nilimwona akikunjua miguu. Alijitazama akikuna nazi, akisuka ukili, akinipaka mafuta kichwani. Akauliza kwa nini mikono yake ni mikubwa kuliko kichwa.

"Kule mbali nilikuwa nasahau uso wako," nilisema, "lakini mikono sikuisahau. Basi nikaichora jinsi nilivyoikumbuka."

Aliinua mikono yake, akaitazama, akaiweka tena kitabuni.

Akafika ukurasa wa kumi na saba. Mama aliutazama ukurasa kutoka kulia: mchanga uliofagiliwa, kisha yeye na ufagio, kisha mimi barabarani na begi, uso umeelekea kwetu. Uso wake ukachanua.

"Hapa pazuri kuliko pote! Nimefagia kiwanja, nimekisafisha, na mwanangu huyo anakuja na mzigo wake. Ulikuja likizo? Mbona sikumbuki?"

Nilikaa kama niliyemwagiwa maji baridi. Kwa miaka sita nilikuwa nimeutazama ukurasa ule, nikasifiwa kwa ajili yake na watu wenye vitabu, na hakuna aliyewahi kuona kwamba ndani ya huzuni ile mlikuwa na kurudi nyumbani, visanduku vilevile vitatu, bila kubadilisha hata mstari. Kufagia kabla ya mgeni ni mapenzi. Kufagia baada ya msafiri ni laana. Tofauti yote iko katika kipi kimetangulia. Ningeweza kunyamaza pale, na jioni ile ningepewa radhi.

Lakini shangazi alikuwa amesoma ngumbaru miezi minne na hakuna aliyeruhusiwa kusahau.

"Unakisoma kinyume, wifi," alisema. "Kitabu cha Kizungu huanzia kushoto. Sisi tuliosoma tunajua. Tazama: kwanza mtoto anakwenda, halafu wewe unafagi..."

Alisimama katikati ya neno. Mkono wake ulibaki hewani juu ya ukurasa.

Mama alirudi kisanduku cha kushoto. Akatembeza kidole kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayehesabu shanga za tasbihi. Mimi. Ufagio. Mchanga. Alipoifikia ile nusu ya unyayo kidole kilisimama.

"Nimekufagia," alisema.

"Nilikuona, mama."

"Umeniona nimekufagia wewe."

"Niligeuka pale konani. Ulikuwa umeinama kando ya pipa, una ufagio."

Mpangaji alitutazama mmoja mmoja. "Lakini mama, si ni kufagia tu?" alisema kwa upole. "Mbona picha iko poa? Kwetu mgeni akienda lazima ufagie, ukiacha uchafu watu watakucheka."

"Kwenu ni kwenu, baba," alisema mama. Alikifunga kitabu, akakifunika kwa leso, akakiweka mapajani. "Sikufagia. Ni hilo tu nitakalosema. Na kitabu hiki hakitoki humu ndani na ukurasa huu. Watu wa Vanga mpaka Ukunda waone mimi nimemfagia mtoto wangu? Nikifa watasema, yule aliyemfagia mwanawe?"

"Basi niambie ulikuwa ukifanya nini na ufagio."

"Sikufagia."

Shangazi alikuwa ameshasimama. Alisema kichwa kinamwanga, akaenda zake, na hamri aliloanza kulila akaliacha nusu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona shangazi akiacha hamri.

Siku mbili zilizofuata mama hakusema nami moja kwa moja. Alisema na kuku. "Mwambie huyo msomi chai iko tayari," alimwambia kuku mweupe. "Mwambie maji ya kuoga yasipoe." Kuku alipokea ujumbe, nami nikanywa chai. Nilijaribu kukasirika lakini haikuwezekana. Mtu hawezi kumkasirikia mama anayemtuma kuku. Nilikaa chumbani nikiutazama ukurasa. Nilijua nikiutoa naondoa kile kilichonifanya nijulikane. Nikiuacha, mama atakufa akijua kwamba mimi ndiye niliyemshitaki mbele ya nchi nzima. Na alikuwa amesema hakufagia. Mama yangu ana ukali na ana ubishi, lakini uongo hana.

Siku ya tatu, asubuhi, shangazi alikuja. Alikuwa amevaa doti mpya ya leso, amejifunga ya chini na kujitanda ya juu kama anayekwenda harusini, kipini cha dhahabu kinameta puani, na mkononi ameshika ufagio wa chelewa uliochakaa mpaka umebaki kama ndevu za beberu. Aliutupa mkekani mbele yangu.

"Uchore huo," alisema. "Ufagio wenyewe ndio huo. Na aliyeushika ni mimi."

"Wifi, nyamaza," mama alisema kutoka jikoni.

"Sinyamazi. Miaka saba nimenyamaza, mate yamenikauka." Aliketi kwa kishindo. "Siku uliyoondoka, mwanangu, nililia usiku kucha. Asubuhi akili sina. Umetoka tu hapo uani, mikono yangu ikashika ufagio kama inavyoshika kila asubuhi. Nikaanza nyuma ya pipa. Nimepiga mara mbili, tatu. Mama yako akaniona, akanirukia kama paka!"

"Sikuruka," mama alisema, sasa amesimama mlangoni.

"Uliruka! Mimi nimechuchumaa, yeye ameinama juu yangu, huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Alinivunja kucha hii. Akanipokonya."

Nilielewa. Kutoka konani pipa lilimficha shangazi aliyechuchumaa. Nilichokiona mimi ni kipande tu: mgongo wa mama, mikono yake, ufagio. Nilichukua kisanduku kimoja nikakifanya hadithi nzima. Nami ndiye niliyefundishwa, tena kwa pesa zangu, kwamba jambo kubwa katika hadithi ya picha ni kile kilichoachwa nje ya kisanduku.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilimwapia wifi yangu kwamba sitasema."

"Watu wangesema nini?" alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Shangazi mtu, hakuzaa, anamfagia mtoto wa kaka yake siku anayokwenda kutafuta maisha. Wangesema husuda. Wangesema uchawi. Mama yako alisema, wifi, hili litakaa kati yangu mimi na wewe na pipa. Na juzi alikubali umwone mbaya yeye, kuliko kulitoa. Mimi nimekwenda nyumbani, hamri halipiti kooni."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya mama nimwombe msamaha. Alinishika kichwa kwa ile mikono yake mikubwa, akasema nisimkunjie leso, ameipiga pasi leo.

Ndipo nikasikia habari ambayo haikuwamo katika barua hata moja. Kwa kuwa ufagio ulikuwa umeshagusa mchanga mara mbili, tatu, mama aliapa kwamba hautagusa tena mpaka nifike. Na mimi, kwa hasira zangu, sikuandika kwa miezi mitano. Uani kwetu kuna mti wa mkungu, ule wa majani mapana kama sahani, yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka. Ulikuwa msimu wake wa kupukutika.

"Majani yalifika hapa," shangazi alisema, akijionyesha gotini. "Tulikuwa tukija kwa mama yako kama tunaokwenda msituni."

"Hayakufika gotini."

"Yalifika! Kuku walikuwa wakitaga humo, hawaonekani. Siku moja nimekanyaga mayai sita kwa mguu mmoja."

"Mawili."

"Na bwana afya je? Msimulie bwana afya."

Mama alijaribu kujizuia, akashindwa. Bwana afya wa kata alikuwa amepita na daftari lake kukagua nyumba, akauona uwanja.

"Akaniuliza, mama, huu ni uchafu gani? Nikamwambia, mwanangu amesafiri, hajafika bado. Akasema, amekwenda wapi? Ulaya. Kwa miguu? Kwa ndege. Akacheka, akasema, mama, ndege ni siku moja, mwanao amefika zamani. Nikamwuliza, wewe umemwona?"

"Akasemaje?"

"Akafikiri. Akasema la, sijamwona. Nikampa chai. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia nikipata habari nimjulishe na yeye. Barua yako ilipofika nilimtumia mtu. Alikuja mwenyewe, tukafagia pamoja."

Tulicheka mpaka mama akajifunika uso kwa leso. Mpangaji alikuja mbio kutoka nyumba ya pili, mwiko bado mkononi, akidhani kuna msiba. Alipoambiwa kisa alitikisa kichwa. "Nyinyi watu wa Pwani," alisema. "Miezi mitano! Mimi mama yangu angefagia kabla sijafika steji ya matatu." Lakini tangu siku ile, kila alipokwenda kwao likizo, alimwomba shangazi asifagie chumba chake.

Nilianza kuchora asubuhi hiyohiyo. Nilichora ukurasa mpya wa kumi na saba: wanawake wawili wanavutana ufagio nyuma ya pipa, vumbi linaruka, kuku wanakimbia, na mbali kabisa, mdogo kama punje ya mtama, msichana anageuka konani. Niliufanya ukurasa mzima uwe kisanduku kimoja, ili safari hii pasiwe na kitu kilichoachwa nje. Shangazi alikaa mbele yangu kutwa nzima kusimamia.

"Kipini kionekane."

"Ni picha ndogo, shangazi."

"Kikuze. Na kiuno hicho si changu. Mwaka ule nilikuwa mwembamba."

"Hukuwa," alisema mama.

"Nilikuwa! Na usinichore na mdomo wazi. Mimi nikivutana na mtu hufunga mdomo."

"Hilo nalo halijawahi kutokea," alisema mama, nami nikachora mdomo wazi, na shangazi alipouona alicheka kwa mdomo uleule.

Ukurasa wa kumi na nane nao ulikuwa mpya: majani tu. Visanduku tisa vya majani ya mkungu, kila kimoja yamepanda kidogo, na katika kila kimoja mama amekaa palepale barazani, akitazama njia. Sikuweka huzuni usoni mwake wala tabasamu. Majani yenyewe yanatosha kusema siku zinapita, na yeye kukaa palepale kunatosha kusema anangoja nani. Nimechora mengi tangu wakati ule, mengine yamenipatia safari na makofi, lakini visanduku vile tisa sijavipita.

Na ukurasa ulionipa diploma? Sikuutupa. Mimi si mtu wa kutupa kazi nzuri. Nilivikata visanduku vyake vitatu kwa wembe, nikavibandika upya kama mama alivyovisoma: mchanga safi, mama na ufagio, mimi na begi langu nakuja. Nikauweka mwisho kabisa, baada ya kofia na joho. Mwalimu wangu yule mrefu angekasirika au angecheka. Napenda kudhani angecheka. Mama alikisoma tena kitabu kizima, safari hii kutoka kushoto, shangazi akimfunulia kurasa kama mwalimu mkuu. Alipofika mwisho alisema, "Sasa kinasomeka pande zote mbili." Kisha akaniwekea mkono kichwani, akanipa radhi.

Asubuhi ya kwenda Nairobi nilikifunga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, nikakitia begini. Mama alisimama mlangoni, akaniinulia viganja vyake vyote viwili, vitupu, ili nivione. Niliambiwa nisigeuke. Niligeuka palepale konani. Mama alikuwa bado ameinua mikono, na kando ya pipa, barazani, shangazi alikuwa ameukalia ufagio. Ameukalia kabisa, amekunja nne, anatafuna kashata.

Nilifika Nairobi kesho yake asubuhi. Mchapishaji alikuwa ananingoja, lakini nilimwambia angoje kidogo zaidi, nikaingia kwenye kibanda cha simu cha barabarani na sarafu zangu. Nyumbani hatukuwa na simu. Nilipiga dukani, duka la jirani lenye simu pekee ya mtaa ule, na mwenye duka akapokea.

"Nimefika," nilimwambia. "Tafadhali mtume mtu kwa mama. Amwambie afagie."

"Amwambie nini?"

"Afagie. Ataelewa."

"Hakuna haja ya kutuma mtu," alisema mwenye duka, na nikasikia uchovu katika sauti yake. "Wote wawili wako hapa tangu alfajiri, wamekalia magunia yangu ya mchele. Mama! Amefika!"

Nikamsikia mama akishukuru Mungu kwa sauti kubwa. Nikasikia gunia likianguka. Kisha, nyuma ya kelele za laini, nikasikia sauti niliyoijua kabla sijajua kuchora: chelewa juu ya mchanga, haraka haraka.

"Shangazi!" mwenye duka alipiga kelele. "Hapo si kwenu, hapo ni dukani kwangu!"

"Ondoa mguu wako," alisema shangazi. "Mtoto amefika."